Binti Akirudi Chuoni, Deni la Kwanza Linamngoja

Alhamisi moja baada ya sala ya Isha, nikiwa barazani pa msikiti hapa Eldoret, alinijia kijana wa kwetu Pwani pamoja na mkewe, naye amempakata mtoto aliyeviringishwa blanketi mbili. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haimstahi mgeni. Baada ya maamkizi yule binti akasema: "Ami, nilisoma hapa miaka miwili nikaacha. Sasa nataka kuanza upya mwaka wa kwanza, kozi nyingine. Mkopo nitaupata tena kama mwanafunzi mpya?"

Sikumjibu. Nilimuuliza: "Ulipoondoka, mwanangu, uliandika barua?"

Akainamisha kichwa. Hakuandika. Posa ilikuja, mama yake akaugua, akafunga sanduku na kupanda basi la Mombasa, safari ya karibu kilomita 800. Hakumuaga mkuu wa idara wala msajili. Muhula uliofuata fedha za kujikimu ziliingia katika simu yake akiwa jikoni kwao, na nyumba nzima ikazihesabu kuwa ni riziki. Tena waliamini, na mumewe ndiye aliyelitamka hilo, kwamba maadamu hakuhitimu, deni limekufa.

Wasomaji wangu, hususan kina mama, dhana hii nimeikuta katika nyumba nyingi mno, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Serikali ya Kenya haikuanza jana kuwakopesha wanafunzi. Wakoloni walianzisha mfuko wa mikopo mwaka 1952 kwa ajili ya waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na wengi waliokopeshwa wakati ule walidhani wamepewa bure, wakala wakasahau. Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 iliundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB, ikabebeshwa kazi mbili: kukopesha, na kudai, yakiwemo madeni yale ya zamani.

Sheria hiyo inamtaka aliyekopeshwa aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, au mapema zaidi endapo Bodi itaamua kuitisha fedha zake. Zingatieni kipande hicho cha mwisho. Aliyeacha njiani asijifariji kwamba hakumaliza, kwa kuwa mlango wa kudaiwa uko wazi. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tufanye hesabu ya mtu aliyepokea shilingi 40,000 kwa mwaka, miaka miwili: deni ni 80,000, na riba ya mwaka mzima juu yake ni 3,200. Yaani adhabu ya mwezi mmoja inaishinda riba ya mwaka. Si ajabu tukasikia mtu aliyekopa kidogo akadaiwa kikubwa.

Basi jawabu la swali la binti yule ni hili. Kuanza kozi mpya hakumfanyi kuwa mtu mpya. Daftari linamjua kwa kitambulisho chake, na miaka miwili aliyokwisha kukopeshwa imeandikwa humo. Mkopo hupangwa kwa muda wa kozi aliyosajiliwa mwanafunzi, na huombwa upya kila mwaka. Anayerudi huja akiwa mdaiwa, na la kwanza analopaswa kulimaliza ni hadhi ya deni lile.

Yapo mambo manne ambayo watu huyachanganya na kuyaita yote "kurudi chuo". Kuna kuahirisha, ambako mwanafunzi huomba ruhusa kwa maandishi, chuo kikamjibu, naye akaiarifu Bodi, na nafasi yake ikabaki. Kuna kurudia mwaka kwa kushindwa mitihani. Kuna kuhama kutoka kozi au chuo kimoja kwenda kingine, jambo lenye taratibu zake na tarehe zake. Na kuna kuacha kabisa, kisha kuanza upya. Hili la nne ndilo ghali kuliko yote, nalo aghalabu ndilo wanaloliangukia mabinti zetu, kwa sababu tu hapana aliyewaambia waandike barua ya ukurasa mmoja.

Ughali wake umezidi tangu mwaka 2023, ulipoanza mpango mpya wa kugharimia vyuo vikuu. Katika mpango huo mwanafunzi hupimwa kwa hali ya jamaa zake, kisha gharama hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali usiolipwa, mkopo, na mchango wa wazazi. Ufadhili ule usiolipwa huwaendea waliopangwa na KUCCPS katika vyuo vya umma. Anayeacha nafasi aliyopangiwa akajiandikisha mwenyewe kwa kujilipia, amekiacha nyuma kile kilichokuwa halali tupu na hakina deni ndani yake, akabaki na mkopo na mfuko wa baba.

Hapa sina budi kusema juu ya riba. Asilimia 4 ni ndogo kwa mfanyabiashara, lakini haramu haipimwi kwa udogo. Wako wanavyuoni wanaoukataa mkopo huu katakata, na wako wanaouruhusu kwa haja kubwa ambapo hapana njia nyingine. Mimi nawaambia wanaoniuliza: ombeni ufadhili usiolipwa kwanza, gongeni mlango wa basari za kaunti na za eneo bunge, waulizeni matajiri wa ukoo na kamati za zaka, na mkifika kwenye mkopo mfike mmechoka kutafuta. Aliyekwisha kukopa na aharakishe kulipa, kwani kila mwezi unaopita unaizidisha riba ile ile anayoichukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisita kumswalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba, na Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Sisi wa kuhifadhi Aya hiyo ndio tunaotoka chuoni bila ya karatasi!

Siku ya pili nilifuatana nao hadi Huduma Centre hapa mjini, kwenye meza ya HELB, akapewa maelezo ya deni lake. Kiasi kilikuwa kikubwa kuliko alivyodhani, kidogo kuliko alivyoogopa. Kisha tukaketi kwenye mgahawa tukapima. Akianza upya kozi nyingine, miaka minne mbele yake, na miwili ya nyuma anadaiwa bure. Akiomba kurejeshwa kwenye kozi ya zamani, masomo aliyofaulu yamkini yakahesabiwa. Nilimtajia pia kwamba Bodi hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na kwamba uko mfuko wa Afya Elimu kwa wanaosoma katika chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, endapo moyo wake uko kwenye uuguzi kama alivyodai.

Mumewe alikuwa kimya muda mrefu. Akauliza: "Shekhe, deni hili ni langu au ni lake?" Nikamwambia kisheria ni lake, jina ni lake, lakini wewe ndiwe uliyemposa katikati ya muhula. Hakukasirika. Ni kijana muungwana.

Na kwa nini, jamani, harusi zetu haziwezi kungoja likizo? Simlaumu mwenye kuozesha, ndoa ni sunna, lakini sijapata kuona mvulana akitolewa darasani mwaka wa pili ili akaoe.

Barua ya kuomba kurejeshwa iliandikwa jioni ile, ikaambatishwa cheti cha hospitali cha mama yake, na nakala mbili zikabaki kwake. Chuo bado hakijajibu. Wakati huu anailipa Bodi shilingi 2,000 kila mwezi kutokana na maandazi anayouza, na mama mkwe, ambaye hapo mwanzo alikuwa hataki kusikia habari za Eldoret, ameuliza muhula waanza lini, apate kujua siku ya kuja kumchukua mtoto.