Salamu za Sikukuu Zimepoteza Mashahidi

Familia za Mkolani, jijini Mwanza, zenye vijana kwenye kambi za dagaa za visiwa vya Ukerewe, Ukara na Goziba katika Ziwa Victoria hujua kwamba sikukuu ya mvuvi hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikijaa, taa hazifui dafu na wavuvi hupumzika. Pasaka, inayoangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu, humpa kijana nafasi ya kuja nyumbani. Idi el-Fitri, inayofuata kuandama kwa mwezi, humkuta ziwani kazi ikiwa imepamba moto. Krismasi hutegemea mwaka.

Kwa hiyo ilibidi salamu zisafiri. Kabla ya simu za mkononi, barua ilikabidhiwa nahodha wa boti la mizigo, ikashushwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba pamoja na mfuko wa dagaa, kisha ikapanda gari hadi Mkolani. Wengine walijaza kadi za salamu za redio. Jina la mama likisomwa, mtaa mzima ulisikia.

Simu zilipoenea miaka ya 2000, na huduma ya fedha ya M-Pesa ilipoanza nchini Tanzania mwaka 2008, sauti na fedha zilianza kufika kwa dakika moja. Hiyo ni faida kubwa. Hakuna mama anayetamani kurudia kusubiri barua wiki mbili. Lakini njia ya zamani ilipita mikononi mwa watu waliomwona kijana kwa macho. Nahodha akiulizwa, "Umemwacha mzima?" alijibu alichokiona: amekonda, anakohoa, hajalipwa na tajiri wa mtumbwi. Leo kijana ndiye msemaji pekee wa hali yake. Anasema, "Mimi mzima, mama," fedha kidogo zinaingia, na maswali yanaishia hapo.

Pengo hili la mashahidi ni hatari. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, simu zilikuwa zimejaa visiwani, lakini hakukuwa na hesabu ya uhakika ya waliopanda. Mawasiliano yalikuwapo, mashahidi hawakuwapo.

Barua hazitarudi, wala hazihitaji kurudi. Kinachopaswa kurudi ni ushahidi. Mialo mingi ina vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU). Viwe na orodha ya wavuvi wa kila kambi na namba za ndugu zao, ikaguliwe kila kipindi cha giza la mwezi kinapoanza. Matajiri wa mitumbwi wapange zamu, ili Idi isiwakute watu walewale ziwani kila mwaka. Nasi tulio nchi kavu, tukipiga simu siku ya sikukuu, tuseme: "Mpe mwenzako nimsalimie." Huyo wa pili atatuambia yale ambayo mtoto wetu anatuficha kwa kutuhurumia.