Kuku wa Mtoto Awe wa Mtoto Kweli

Wakulima wenzangu, kila mzazi humwambia kijana wake atunze fedha, lakini ni wachache wampao fedha za kutunza. Mtu hafundishwi kulima kwa maneno, hupewa jembe. Vivyo hivyo kijana wa miaka 13 au 15, wa kiume au wa kike, hawezi kujua matumizi ya shilingi ikiwa shilingi zote hupita mikononi mwa baba na mama, naye atazama tu. Siku atakapopokea mshahara wake wa kwanza, au malipo ya kwanza ya chai, fedha zitamponyoka kama maji ya kiganjani.

Njia iliyo rahisi kwa mkulima ni kumpa kijana mali ndogo iliyo yake mwenyewe. Jambo hili si geni kwetu. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikafifia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021. Humo watoto wa shule hujifunza kulima na kufuga kwa mikono yao. Nyumbani pia yawezekana, hata kama shule ya karibu haina kilabu.

Anza na tetea mmoja. Mwonyeshe kijana jinsi ya kumtengenezea kiota na banda lisiloingiwa na maji. Mkumbushe kuwachanja kuku kila baada ya miezi 3 ili wasife kwa kideri. Tetea huatamia siku 21. Katika siku hizo mnunulie daftari dogo. Alipige mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto fedha zilizoingia, kulia fedha zilizotoka. Aandike siku ile ile, hata zikiwa shilingi 20 tu.

Tuseme vifaranga 10 wameanguliwa na mwewe amechukua 3. Wamebaki 7. Kijana ameweka matetea 2 wa kufuga, akauza majogoo 5. Daftari litasema hivi:

Zilizoingia: majogoo 5 kwa Sh. 700 kila mmoja, Sh. 3,500.
Zilizotoka: chakula Sh. 1,200, chanjo na dawa Sh. 200, jumla Sh. 1,400.
Faida: Sh. 2,100.

Vijana wengi wakishika Sh. 3,500 husema wamepata Sh. 3,500. Hapo ndipo daftari huwa mwalimu. Zile Sh. 1,400 si za kutumia. Ni chakula na chanjo ya kuku wajao. Faida igawanywe mafungu matatu ya Sh. 700: moja akiba, moja vitu vya shule, moja atumie apendavyo. Fungu hili la mwisho usimwamulie. Akilimaliza kwa siku moja, usimwongezee. Atangoje kuku wengine wakue, naye atajua thamani ya kungoja.

Sasa nina neno gumu kwa sisi wazazi. Katika nyumba nyingi kuku huwa wa mtoto akiwa kifaranga, akinenepa huwa wa baba. Mgeni afika, kuku achinjwa, na mwenyewe hakuulizwa. Mzazi adhani amepoteza kuku mmoja tu. Kumbe amemfundisha mwanawe kwamba mali ikitunzwa huliwa na mwingine, basi heri kuitumia leo. Kijana wa namna hiyo haweki akiba. Huuza mayai kwa siri. Ukimhitaji kuku wake, mnunue kwa bei ya soko, ulipe, naye aandike. Ukikopa, taja siku ya kulipa na uitimize. Kukopa harusi, kulipa matanga. Asiyaone matanga hayo kwako.

Liko na jambo la simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hutoka bila kuonekana. Sheria hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini wapo vijana wachezao kwa laini za wazazi wao. Ificheni namba yenu ya siri. Tena usiishie kugombeza. Keti na kijana mfanye hesabu. Anayebashiri kwa Sh. 50 kila siku hupoteza Sh. 1,500 kwa siku 30 asiposhinda. Hizo zazidi chakula na chanjo ya kundi lake zima. Hesabu aliyoifanya kwa mkono wake humwingia kuliko kelele.

Akiba ikifika kiasi cha kutosha, nenda naye benki au chama cha akiba na mikopo mkaulize juu ya akaunti ya mtoto. Kila Jumapili jioni fungueni daftari pamoja kwa dakika chache. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, mwezi huu chagua tetea mmoja. Mtaje mbele ya nyumba nzima kuwa ni wa mwanao, na siku mgeni atakapobisha hodi, likumbuke neno lako.