Je, feri hung'oa nanga? Maana na asili ya kitenzi 'embark'

Katika makala haya ninalenga kufafanua kitenzi cha Kiingereza 'embark', ambacho wanahabari na watafsiri wetu aghalabu hukifasiri kuwa 'ng'oa nanga'. Je, fasiri hiyo ni sahihi kila mahali?

'Embark' kilitoholewa kutokana na kitenzi cha Kifaransa 'embarquer'. Ndani yake mna nomino 'barque', yaani chombo cha baharini. Maana ya awali, basi, ni kuingia chomboni. Baadaye ilipanuka ikawa kuanza jambo lolote, hasa lililo refu au zito.

Kiswahili kimezigawa maana hizo mbili. Ya kwanza hubebwa na 'abiri', kitenzi chenye asili ya Kiarabu, 'abara', yaani kuvuka. Humo ndimo mlimotoka 'abiria'. Kwa hivyo anayevuka kivuko cha Likoni ni abiria kwa maana asilia kabisa, kumshinda anayepanda matatu Kisauni au ndege kule Changamwe.

Maana ya pili ndiyo iliyotwikwa 'ng'oa nanga'. Hapa taswira ni tofauti. Mwingereza alimtazama msafiri akiingia chomboni. Mswahili aliitazama nanga ikitoka ardhini. Tunang'oa jino, mhogo na msumari: vitu vilivyoshika. Nanga nayo huuma sakafu ya bahari, na chombo hakiendi hadi ing'olewe. Tena tutofautishe 'ng'oa' na 'ng'oka'. Mabaharia wakiing'oa nanga, safari imeanza. Nanga iking'oka yenyewe, chombo kinachukuliwa na maji. Anayeandika kuwa mkutano 'umeng'oka nanga' ameuzamisha kabla haujaanza!

Siwalaumu wanaoandika kwamba ligi au kampeni imeng'oa nanga. Mambo hayo yana mwendo na mwisho, ndiyo maana pia 'hutia nanga' yanapokamilika. Tatizo huzuka pale msemo unaporudi majini ulikotoka. Chukua mfano wa tangazo kama hili: "Feri mpya itang'oa nanga Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi." Mkazi wa Mtongwe anayewahi zamu bandarini ataelewaje? Kwamba huduma inazinduliwa siku hiyo, au kwamba saa hiyo chombo kitakuwa kishaondoka? Akikosea, ataachwa gatini na mshahara wa siku utamponyoka.

Isitoshe, feri ya Likoni haitii nanga kila inapofika ng'ambo. Huegemeza mlango wake gatini, watu na magari wakashuka, wengine wakapanda. Ndiyo maana huwasikii wavukaji wakisema "feri imeng'oa nanga". Husema "feri ishatoka" au "feri ishaondoka", na kila mtu huelewa.

Kosa jingine ni la kisarufi. Kwa kuwa Kiingereza huruhusu mtu 'ku-embark' juu ya jambo, baadhi huandika: "Kaunti imeng'oa nanga ujenzi wa barabara." Katika msemo huu, kinachong'olewa tayari kimetajwa: ni nanga. Ujenzi hauna pa kukaa. Sema "Kaunti imeanza ujenzi", au "ujenzi umeng'oa nanga".

Kwa muhtasari: anayeingia chomboni anaabiri; feri inaondoka; huduma inazinduliwa au inaanza; nayo ligi, ukipenda, na ing'oe nanga. Palipo na ratiba ya watu, tumia neno lisilomwachia abiria kazi ya kubahatisha.