Kabla ya Kujaza Fomu: Karatasi za Kuhuisha Pasipoti

Sehemu ya pili

Januari 31, 2018, Rais John Magufuli alizindua pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania jijini Dar es Salaam, na miaka miwili baadaye vitabu vya zamani viliondolewa katika matumizi. Pasipoti hiyo hudumu miaka kumi. Kwa hiyo waliowahi kuichukua mwanzoni wataanza kuona vitabu vyao vikiisha mapema mwaka 2028, na wengi wao hawajafungua ukurasa wa picha kutazama tarehe tangu waliporudi safari ya mwisho.

Kwa hesabu ya msafiri, kitabu hufa kabla ya tarehe iliyoandikwa. Saudi Arabia, Oman, Falme za Kiarabu, India na nchi nyingine nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mgeni anapoingia. Nchi za Schengen hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao. Anayekuzuia kwanza si askari wa huko uendako, ni mhudumu wa shirika la ndege pale unapopima mizigo, kwa kuwa abiria akirudishwa, gharama huliangukia shirika. Ondoa miezi hiyo sita, ondoa na muda wa kuomba viza, utaona kwamba mwaka wa tisa ndio mwaka wa kushughulika.

Wiki iliyopita tulitofautisha pasipoti ya kawaida, ya kiutumishi na ya kidiplomasia. Leo tuzungumze juu ya karatasi, maana hapo ndipo watu wengi hukwama.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wazima waliosafiri zamani wanakumbuka pasipoti ikiongezewa muda: ofisa anagonga muhuri, anaandika tarehe mpya, basi. Utaratibu huo haupo. Kuhuisha leo ni kutengenezewa kitabu kingine chenye namba nyingine, na maombi yako yanapitiwa upya. Kuwa na pasipoti ya zamani kunakusaidia kuonyesha kwamba uliwahi kukubaliwa. Hakukuondolei wajibu wa kuthibitisha tena jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na uraia wako. Na mambo hayo matatu hayathibitishwi na kitabu cha zamani, yanathibitishwa na cheti cha kuzaliwa na Kitambulisho cha Taifa.

Tazama jinsi kitabu chenyewe kinavyosomwa. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, kila mmoja una nafasi 44. Ndiyo mistari inayosomwa na mashine uwanjani, kwa kanuni zilizowekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Mstari wa kwanza huanza na P, kisha TZA, kisha jina la ukoo, kisha majina mengine, na nafasi zisizotumika hujazwa alama ya <. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho wa kitabu. Baada ya namba ya pasipoti, na baada ya kila tarehe, kuna tarakimu moja ya uhakiki ambayo haikuwekwa kiholela.

Chukua mtu aliyezaliwa Aprili 12, 1985. Tarehe yake huandikwa 850412. Tarakimu hizo huzidishwa kwa zamu kwa 7, 3 na 1: nane mara saba ni 56, tano mara tatu ni 15, sifuri mara moja ni sifuri, nne mara saba ni 28, moja mara tatu ni 3, mbili mara moja ni 2. Jumla ni 104, na tarakimu ya mwisho, 4, ndiyo ya uhakiki. Mtu huyohuyo akiandikiwa kimakosa tarehe 21 badala ya 12, jumla inakuwa 106 na tarakimu inageuka kuwa 6. Binadamu akisoma ataona kosa dogo la kupindua namba. Mashine itamwona mtu mwingine.

Sasa geukia namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu wetu wa Aprili 12 namba yake inaanza na 19850412. Ndiyo maana kosa la tarehe kwenye Kitambulisho cha Taifa ni zito kuliko kosa la herufi moja ya jina: limo ndani ya namba yenyewe, namba ambayo tayari imesajili laini yako ya simu na kufungulia akaunti yako ya benki. Wapo walioandikiwa Januari mosi au Julai mosi kwa sababu mzazi alikumbuka mwaka tu. Wapo waliopunguziwa miaka ili waingie shule. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na NIDA inasema vile, usiende kuomba pasipoti kwa matumaini kwamba hawataona. Fomu ya Uhamiaji hujazwa mtandaoni kwa namba ya NIDA, kwa hiyo tofauti itajitokeza mapema kabisa.

Nakuomba basi ufanye jambo moja kabla ya kugusa fomu. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti inayoisha, cheti cha shule na, kwa walioolewa au kuoa, cheti cha ndoa. Soma jina herufi kwa herufi katika kila karatasi. Usisome kama mtu anayelijua jina lake, soma kama karani asiyekujua. Said na Saidi, Abdallah na Abdalla, Elizabeth na Elisabeth, Mwajuma na Mwanajuma: kwetu ni jina lilelile, na hata mwenyewe huitika kwa yote mawili. Mpangilio nao una taabu yake. Desturi yetu ni jina la mtu, la baba, la babu. Lakini cheti cha ubatizo kina majina mawili, cheti cha shule kina mawili mengine, na wanawake wengi wamechukua jina la mume kazini huku NIDA ikibaki na la babu.

Mimi ni kamishna wa viapo, na watu huniletea karatasi hizi nizigonge muhuri. Alinijia mama mmoja wa makamo anayetaka kwenda kumwona binti yake Muscat. Cheti chake kilichoandikwa kwa mkono kilisema Asha, kitambulisho kikasema Aisha.

"Mama, hapa kuna majina mawili," nilimwambia.

"Mwanangu, ni mimi huyohuyo. Baba aliniita Asha, mwalimu wa Kurani akaniandika Aisha."

Alikuwa anasema kweli, na karatasi zake zote mbili zilikuwa halali. Kilichokosekana ni karatasi ya tatu ya kuziunganisha. Hapo watu huchanganya vitu viwili. Kiapo ni tamko lako mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hakibadilishi kitu, kinaeleza tu. Hati ya kubadili jina ni jambo jingine: unaachana na jina moja na kushika lingine kisheria, na hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa tofauti ya herufi moja, mara nyingi kiapo hutosha. Kama jina la ukoo limebadilika kabisa, au umeongeza jina ambalo cheti cha kuzaliwa hakina, kiapo peke yake hakifai. Mtu akikuuzia kiapo kwa kila tatizo, jua hajaisoma karatasi yako. Na ikiwezekana kurekebisha kwenye chanzo, yaani RITA kwa cheti cha kuzaliwa au NIDA kwa kitambulisho, rekebisha huko. Kiapo utakibeba kila mahali maisha yako yote, ilhali marekebisho hufanywa mara moja.

Ambaye hana cheti cha kuzaliwa kabisa aanze leo. RITA huutenga usajili wa mtoto aliye ndani ya siku 90 na ule wa waliochelewa, na aliyevuka miaka kumi hutakiwa kuleta vielelezo: cheti cha shule, cha ubatizo, kadi ya kliniki, kitambulisho. Mzaliwa wa Zanzibar hupata cheti chake kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Hata kama pasipoti yako ya kwanza ilitolewa kwa kiapo cha kuzaliwa, usitegemee kwamba kiapo kile kitapita tena. Weka tayari pia cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au kiapo chake, kwa sababu ofisa anaweza kukihitaji ili kuthibitisha uraia, na kumtafuta mzazi aliye kijijini wiki ya safari ni mtihani.

Karatasi nyingine hazina ugumu. Pasipoti ya zamani yenyewe, na nakala ya ukurasa wa picha. Picha mpya yenye rangi ya bluu bahari kwa nyuma. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au ya shehia. Ushahidi wa shughuli au safari: mwajiriwa barua ya mwajiri, mfanyabiashara leseni, mwanafunzi barua ya chuo, mgonjwa barua ya hospitali. Toa nakala za kila kitu na uende na asilia zake.

Malipo yanahitaji tahadhari zaidi. Ada ya pasipoti ya kawaida iliyotangazwa wakati wa uzinduzi ni shilingi 150,000: 20,000 za fomu mwanzoni na 130,000 zinazobaki baadaye. Zote hulipwa kwa kontroli namba, benki au kwa simu. Hakuna ofisa anayepokea fedha mkononi, wala hakuna sababu ya kumtumia kijana wa stationery fedha kwenye namba yake binafsi. Anwani ya Uhamiaji mtandaoni huishia na .go.tz, na nyingine yoyote inayofanana nayo ikwepe. Vishoka hustawi pale karatasi za mtu zina kasoro, kwani ndipo wanapoahidi kumpitisha. Anachokiuza kishoka ni kuficha kasoro, na kasoro iliyofichwa huhamia kwenye kitabu kipya kwa miaka kumi mingine.

Mnaoishi nje mna la ziada. Maombi hupitia ubalozini, na ofisa ataomba kuona kibali chako cha ukaazi, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa pamoja. Katika nchi za Ghuba kibali cha kazi hufungamana na namba ya pasipoti, kwa hiyo kitabu kipya kikitoka mwajiri ajulishwe mara moja ili kumbukumbu zibadilishwe. Aliyechelewa hadi kitabu na kibali vikaisha mwezi mmoja huwa amejifungia milango miwili kwa wakati mmoja.

Usiiache ofisini pasipoti ya zamani ikiwa ndani yake kuna viza hai. Omba irudishwe baada ya kubatilishwa. Viza ya Marekani, kwa mfano, huendelea kutumika hata kama kitabu kimeisha, mradi haijaharibiwa na unasafiri na vitabu vyote viwili, cha zamani na kipya. Kagua pia kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kimataifa kuwa ya maisha, hivyo huhitaji kuchanjwa tena, lakini kadi nyingi zimeandikwa namba ya pasipoti ya zamani. Nakala ya ukurasa wa zamani ikae pamoja na kadi.

Siku ya kuchukua kitabu, usikitie mfukoni ukaondoka. Kifungue palepale dirishani, soma jina lako lilivyoandikwa juu na lilivyo kwenye ile mistari miwili ya chini, soma tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mahali ulipozaliwa. Kosa likionekana ukiwa bado hapo, linaandikwa na kitabu kinarudi ndani. Likionekana wiki tatu baadaye ukiwa umeshakata tiketi, wewe ndiye utakayetakiwa kueleza.

Wiki ijayo: pasipoti ya mtoto, ridhaa ya wazazi, na pale mzazi mmoja hapatikani.