Mvua ya Jeddah na Samaki wa Mezani Kwako

Leo katika kona yetu ya afya tuzungumzie jambo ambalo wengi hatulifikirii: mvua ikishanyesha, maji yale huenda wapi, na hubeba nini?

Saudia haina mto wa kudumu kama Rufiji au Tana. Ina mawadi, makorongo makavu yanayogeuka mito kwa saa chache. Tarehe 25 Novemba 2009 Jeddah ilipata zaidi ya milimita 90 katika muda wa saa nne hivi, na watu zaidi ya 100 walifariki. Tarehe 24 Novemba 2022 zikanyesha milimita 179 kwa saa sita. Maji hushuka kutoka milima ya mashariki, hupita barabarani na kwenye magereji, na mengi huishia Bahari ya Shamu. Njiani huzoa risasi, zinki, shaba na kadimiamu za matairi, breki, rangi na betri zilizotupwa.

Madini hayo hayapotei baharini. Mengi hutuama kwenye tope karibu na midomo ya mifereji na katika vihori vilivyojifunga kama Al-Arbaeen, katikati ya jiji. Basi wewe unayependa kutupa mshipi pale Corniche, usivue wala usiokote chaza karibu na mifereji, hasa baada ya mvua. Usile maini ya samaki wa hapo. Na usidanganyike kwamba kuchemsha sana kunasaidia. Moto huua vijidudu, madini hayafi.

Zebaki ina njia yake. Hupanda angani na moshi wa makaa ya mawe, huteremka na mvua hata mbali sana, kisha hupita kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Ndiyo maana dada mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wadogo waepuke papa na nduaro, na nguru mkubwa wamle kwa nadra. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Lakini tafadhali usiache samaki kabisa! Dagaa, vibua na changu wadogo ni chakula bora kwako na kwa mtoto.

Ninyi wa Riyadh msijione mko mbali na bahari, samaki wenu wengi hutoka huko huko. Muulizeni muuzaji amevuliwa wapi.

Na yule papa mkavu anayekuja kwenye begi kutoka Mombasa au Unguja? Huyo naye ni papa, ndugu yangu. Jua hukausha maji tu, zebaki hubaki.