Je, Wajua? Tiketi Unayo, Kiti Hakuna

Je, wajua kwamba kuuza tiketi nyingi kuliko viti vya ndege si kosa kisheria, Ulaya wala Marekani? Kila safari huwa na watu wasiotokea, na mashirika huuza nafasi zao mapema. Siku wote wakitokea, lazima abaki mtu. Kondakta wa daladala angekwambia usogee nyuma; kwenye ndege hakuna kusimama.

Je, wajua kwamba Aprili 1972 shirika la Allegheny lilimwacha Ralph Nader huko Washington, akiwa na tiketi yake halali ya kwenda Hartford kuhutubia mkutano? Kati ya abiria wote, wakamwacha mwanasheria aliyekwisha kuwatoa jasho watengeneza magari! Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1976 ikaamuliwa kwamba angeweza kulidai shirika fidia kwa kumficha kuwa limeuza kupita kiasi.

Je, wajua kwamba wazo la kutafuta kwanza anayekubali kubaki kwa malipo lilitolewa na mchumi, Julian Simon, mwaka 1968? Mashirika yalilikataa kwa miaka kumi hivi, hadi mchumi mwenzake, Alfred Kahn, alipokuwa msimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani.

Je, wajua kwamba Marekani aliyeachwa kwa lazima anaweza kulipwa hadi dola 2,150? Canada, ukiachwa hivyo ukachelewa saa tisa au zaidi, ni dola 2,400 za huko.

Je, wajua kwamba sheria ya Ulaya, namba 261 ya 2004, hutazama ndege ni ya nani na inatoka wapi? Hapa msafiri wa Nairobi atege sikio. Ukiachwa Amsterdam, iwe ni KLM au Kenya Airways, sheria hiyo inakulinda. Ukiachwa Nairobi ukielekea Amsterdam, KLM inabanwa, kwa kuwa ni shirika la Ulaya. Kenya Airways haibanwi. Njia ni ileile, tofauti ni euro 600. (Wakikupatia ndege nyingine ikakufikisha kabla ya kuchelewa saa nne, wanaweza kukupa nusu.) Uraia wako hauulizwi. Unaloulizwa ni kama ulifika kaunta kwa wakati. Kama hukupangiwa saa, basi dakika 45 kabla ya ndege kuondoka.

Je, wajua kwamba ukijitolea mwenyewe kubaki, hizo euro 600 huna tena? Unabaki na kile mlichopatana, pamoja na haki ya kurudishiwa nauli au kusafirishwa baadaye. Kwa hiyo sikia bei kwanza, ndipo unyooshe mkono. Na vocha? Fidia ya Ulaya hulipwa taslimu, kwa benki au kwa hundi. Vocha ni mpaka uikubali kwa saini. Ile karatasi wanayokusogezea pamoja na kalamu, huku foleni inakusukuma mgongoni, isome.

Je, wajua kwamba sheria hiyohiyo inakupa chakula, hoteli ikibidi kulala, na mawasiliano mawili ya bure: simu, barua pepe, faksi, au, ukipenda, teleksi?