Kuchoka, Kuchakaa na Kuzeeka: Istilahi za Betri ya Lithiamu

Mjini Kindu, mwenye simu isiyodumu na chaji husema kwamba betri "imechoka". Kauli hiyo imezoeleka hata hakuna anayeihoji. Lakini aliyechoka hupumzika, akarejewa na nguvu. Betri ya ioni za lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991, haina mapumziko ya namna hiyo.

Wakati wa kuchaji, ioni hutoka elektrodi chanya kwenda elektrodi hasi ya grafiti, na hurudi betri inapotumika. Tangu mara ya kwanza, sehemu ndogo ya lithiamu huungana na kimiminika cha ndani, ikafanya utando mwembamba juu ya grafiti. Utando huo una faida, kwani huikinga grafiti. Ila hauachi kukua, na unapokua humeza lithiamu ambayo haitarudi kazini. Joto huuharakisha, na vivyo hivyo chaji iliyojaa. Watafiti kama Jeff Dahn wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, nchini Kanada, wamepima kwa usahihi mkubwa umeme unaoingia na unaotoka katika kila mzunguko. Tofauti ndogo mno kati ya vipimo hivyo huashiria maisha ya betri pasipo kungoja miaka.

Wataalamu hutenga hali mbili: hasara iletwayo na mizunguko ya kuchaji, na ile iletwayo na kupita kwa wakati, hata betri isipoguswa. Kiswahili kinayo maneno tayari. Nguo huchakaa kwa kuvaliwa. Mtu huzeeka hata akikaa bure. Napendekeza basi "kuchakaa" kwa hali ya kwanza na "kuzeeka" kwa ya pili. "Kuchoka" kubaki neno la mazungumzo. (Kobalti ya Kolwezi imo katika simu nyingi duniani; ingekuwa ajabu tukose lugha ya kueleza inavyofanya kazi humo.)

Suala hili si la kamusi tu. Anayeamini kwamba betri huchoka ataijaza chaji, aiweke miezi kadhaa chini ya bati lenye joto, akidhani anaipumzisha. Anayejua kwamba huzeeka ataiacha na chaji nusu, mahali penye ubaridi.